Somo: Kuchagua jina la kifurushi chako cha programu huria

Wakuu, kifurushi changu cha kwanza (msimbo uliofungashwa ili wengine waupakue na kuutumia kwenye programu zao) kinageuza tarakimu kuwa maneno kwa ajili ya risiti na hundi. Ukikipa 15300 kinakurudishia "elfu kumi na tano na mia tatu". Nilikiita "senti". Miezi ikapita, na wengi walioniandikia walikuwa wanatafuta programu ya kupima hisia za maandishi, kwa sababu neno lake la Kiingereza linaanza na herufi hizohizo. Mwenye duka wa Kariakoo niliyemtengenezea alitafuta asikione. Iliniuma, ndiyo maana naandika somo hili.

Hatua ya 1. Kabla ya jina, andika sentensi moja ya kazi yake. Yangu ilikuwa: "Kinaandika namba kwa maneno." Humo ndimo lilimotoka "nambaneno". Angalieni Ushahidi, programu huria iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 ili kukusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi na kuziweka kwenye ramani. Ukisikia jina, kazi umeshaijua nusu. Neno zuri la Kiswahili lisilogusa kazi yenyewe halitamsaidia anayetafuta, hata kama linatupa fahari.

Hatua ya 2. Litamke. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Mpigie mtu simu ukiwa penye kelele, mtajie jina mara moja tu, kisha mwambie akutumie alichosikia. Mimi nilimpigia mdogo wangu nikiwa kituoni Mbagala, makondakta wanaita abiria. Nilipomtajia jina jingine, "hesabudhahiri" akaniandikia "hesabu zahiri". "Nambaneno" alilipatia mara ya kwanza. Kwetu dh na z, th na s, r na l hupishana midomoni, na kila mpishano ni mtu anayekikosa kifurushi chako au, vibaya zaidi, anapakua cha mwingine. Mwaka 2017 kule npm, ghala la mtandaoni la vifurushi vya JavaScript, mtu aliweka kifurushi "crossenv", akiigiza "cross-env" kinachotumiwa na wengi, na kile cha bandia kikawa kinaiba siri zilizohifadhiwa kwenye mazingira ya kompyuta. Kistari kimoja tu!

Tena, ukiunganisha maneno mawili, soma taratibu pale yanapokutana. Silabi za maungio zinaweza kuzaa tusi ambalo hukulikusudia.

Hatua ya 3. Soma kanuni za ghala utakamokiweka kifurushi. npm inataka herufi ndogo, zisizidi 214. PyPI, ghala la vifurushi vya lugha ya Python, haitofautishi kistari, mstari wa chini na nukta, wala herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo "namba-neno" na "Namba_Neno" kwake ni jina moja. Lakini ndani ya Python huwezi kuita moduli yenye kistari kwa njia ya kawaida. Neno moja lisilo na alama linakuondolea usumbufu wote huo.

Hatua ya 4. Tafuta mwenye alama ya biashara. Kivinjari cha Firefox kilianza kama Phoenix, ikabanwa na alama ya biashara ya kampuni nyingine, ikawa Firebird, nalo likagongana na mradi wa hifadhidata, ndipo mwaka 2004 ikapata jina la sasa. Msidhani maneno yetu yako huru: Disney ilisajili alama ya "Hakuna Matata" Marekani mwaka 2003. Tanzania Bara anzia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisha pekua hifadhidata ya WIPO, shirika la dunia la haki miliki, ni bure.

Hatua ya 5. Weka toleo dogo linalofanya kazi kabla hujatangaza popote. Kushikilia majina matupu si uungwana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tabata: Asante kwa somo, mkuu. Jina la Kiswahili halitawakimbiza wageni?

Jibu: Hapana. Kubernetes, programu ya kusimamia programu nyingine kwenye seva nyingi, jina lake ni Kigiriki, maana yake mshika usukani, na dunia nzima inaitumia. Weka tu mstari mmoja wa maelezo kwa Kiingereza chini ya jina.

Mwanachama, Kigamboni: Kaka, mimi nimeshatoa na watu wanakitumia. Nibadilishe?

Jibu: Badilisha mapema, dada, ila usifute cha zamani. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, itawaelekeza watu kwenye anwani mpya, mradi usifungue hazina (sehemu ya mradi) nyingine kwa jina la zamani. Kwenye PyPI na npm toa kipya, halafu la zamani lipe toleo la mwisho lenye onyo. Ukifuta mradi PyPI, mtu yeyote anaweza kulichukua jina lile. Na mnakumbuka mwaka 2016: ugomvi wa jina "kik" ulimfanya mwandishi mmoja aondoe vifurushi vyake npm, kimojawapo left-pad cha mistari 11 kilichotegemewa na programu nyingi, na kazi za watu duniani zikakwama.

Mwanachama, Sinza: Ofisini wanataka jina la kampuni litangulie. Nikubali?

Jibu: Mimi ningekataa. Ethereal, programu ya kuchunguza mawasiliano ya mtandao, ilibidi iitwe Wireshark mwaka 2006 kwa sababu mwanzilishi wake alihamia kampuni nyingine, na alama ya biashara ikabaki kwa mwajiri wa zamani. Msimbo aliondoka nao, jina hakuweza. Wakisisitiza, andikianeni kabla ya toleo la kwanza: siku ukiondoka, jina linabaki kwa nani?