Jinsi ya kujua pande zipi ni sambamba kwenye pembenne na maumbo mengine

Mtoto akiulizwa pande sambamba mara nyingi anakutajia zile zenye urefu sawa, na maksi zinapotea hapohapo. Urefu sawa ni kitu kingine kabisa. Tiara kwa mfano, ina pande mbili fupi zinazolingana na mbili ndefu zinazolingana lakini hazina usambamba wowote, wakati trapeza inaweza kuwa na sm 4 juu na sm 9 chini na hizo mbili zikawa sambamba vizuri tu. Cha kuangalia ni umbali kati ya mistari, kama haubadiliki kuanzia mwanzo mpaka mwisho basi hata uirefushe vipi haitakutana.

Sasa usipime kwa macho, macho yanadanganya. Toa ile pembetatu ya plastiki kwenye mkebe, laza ukingo wake mmoja juu ya upande wa kwanza wa umbo, alafu weka rula iguse ukingo mwingine wa hiyo pembetatu. Kandamiza rula isisogee hata kidogo (wengi wanakosea hapa, rula inateleza bila wao kujua) ndo usukume pembetatu itambae kwenye rula mpaka ifike upande wa pili, ukingo ukilala sawasawa juu ya mstari basi hizo pande ni sambamba.

Kama umbo limechorwa kwenye daftari la viboksi ni rahisi zaidi, we hesabu tu. Weka nukta (1,1), (4,2), (5,5) na (2,4) alafu ziunganishe kwa mpangilio huo. Upande wa chini unaenda viboksi 3 kulia na 1 juu, wa juu yake nao ukiusoma kutoka kushoto ni 3 kulia 1 juu, kwahiyo sambamba. Zile mbili zilizobaki zote ni 1 kulia 3 juu, nazo sambamba, na kwa kuwa pande zote nne zina urefu sawa na pembe sio za nyuzi 90 hilo ni rombasi.

Umepewa pembe tu? Jumlisha pembe mbili zilizo kwenye ncha za upande mmoja, zikileta 180, mfano 110 na 70, zile pande mbili zinazotoka kwenye hizo ncha ni sambamba. Kwenye michoro ya vitabu angalia vimshale, ndo alama ya sambamba, vile vistari vifupi vinavyokata upande ni vya urefu sawa, usivichanganye.

Majina sasa. Jozi mbili za sambamba ni msambamba, na mstatili, rombasi na mraba wote wamo humo, kwahiyo mtoto akisema mraba ni msambamba yuko sahihi usimkatalie. Trapeza vitabu vinatofautiana, vingine vinasema jozi moja tu na vingine angalau moja, fuata kitabu cha darasa lake.

Pembetatu haina kabisa, maana kila upande unakutana na zile nyingine mbili. Maumbo yenye pande na pembe zote sawa yana utaratibu wake, idadi ya pande ikiwa witiri hakuna sambamba, ikiwa shufwa gawa kwa 2 upate jozi, pembesita 3, pembenane 4. Ila ni kwa hayo tu, maana ukichora nyumba ya kuta mbili zilizosimama wima, sakafu na paa la pande mbili hiyo nayo ni pembetano na kuta zake ni sambamba.

Zoezi zuri la kumpa, achore pembenne yoyote hata iwe imepinda vipi, aweke nukta katikati ya kila upande aziunganishe kwa zamu. Atapata msambamba, kila mara, Mfaransa Pierre Varignon ndo alithibitisha na ikachapishwa 1731. Mwambie aihakiki kwa rula na ile pembetatu ya plastiki, alafu abadilishe umbo ajaribu tena.