Jinsi ya kuomba nyaraka za zabuni ya kuendesha maabara ya taifa nchini Marekani

Maabara ya Los Alamos, jimboni New Mexico, ni mali ya serikali ya Marekani, lakini anayeiendesha siku hadi siku ni mkandarasi. Mkataba wa sasa ulianza Novemba 1, 2018. Ukiongezwa muda hadi mwisho utafika miaka 10, na thamani yake inazidi dola bilioni 20. Mkandarasi huyo aliwashinda wenzake kwa lipi? Akikosea, anakatwa nini? Majibu yamo kwenye makaratasi, na sheria ya mwaka 1966 iitwayo FOIA inampa mtu yeyote haki ya kuyaomba. Si lazima uwe raia. Ukiwa Mombasa, Mwanza au Minneapolis, ombi lako lina uzito uleule.

Anza na kilicho wazi

Usiombe kitu ambacho kimeshatolewa, maana utajipanga foleni bure. Mkataba wenyewe na taarifa za tathmini za kila mwaka huwekwa mtandaoni. Tathmini hizo zisome kwa makini kwa sababu ndimo usimamizi wa serikali unapoonekana kwa macho. Februari 2014, pipa la taka za nyuklia lililofungashwa Los Alamos lilipasuka ndani ya ghala la chini ya ardhi karibu na mji wa Carlsbad na kuvujisha mionzi. Mwaka ule mkandarasi wa wakati huo, LANS, alinyimwa karibu asilimia 90 ya malipo yake ya utendaji.

Ijue pia historia, ili utaje shindano sahihi. Chuo Kikuu cha California kiliendesha Los Alamos tangu 1943 bila kushindanishwa na yeyote. Wizara ya Nishati ilitangaza mwaka 2003 kwamba kazi hiyo itashindaniwa, na Bunge, katika sheria ya bajeti ya 2004, likaagiza maabara tano ambazo mikataba yake ilikuwa haijashindaniwa kwa zaidi ya nusu karne zipitie zabuni: Los Alamos, Livermore, Berkeley, Argonne na Ames. LANS, ambamo chuo hicho kiliungana na kampuni ya Bechtel na wengine, ilishinda Desemba 2005 na kuanza kazi Juni 2006. Shindano la pili lilimleta mkandarasi wa sasa, Triad, yaani muungano wa shirika la utafiti la Battelle, Chuo Kikuu cha California na mfumo wa vyuo vya Texas A&M.

Peleka ombi kwa mwenyewe

Los Alamos, Livermore na Sandia ziko chini ya NNSA, idara ya Wizara ya Nishati inayoshughulikia silaha za nyuklia, nayo ina ofisi yake ya FOIA mjini Albuquerque. Argonne, Oak Ridge na Berkeley ziko chini ya Ofisi ya Sayansi ya wizara hiyohiyo. Ombi hujazwa kwenye tovuti ya foia.gov.

Chagua nyaraka kwa akili

Hapa ndipo maombi mengi yanapokufa. Mtu anaandika, "Naomba nyaraka zote kuhusu zabuni ya Los Alamos," na ombi kama hilo haliwezi kutafutwa. Mwingine anaomba andiko la mzabuni aliyeshindwa. Hilo hulipati: sheria ya ununuzi inakataza kutoa andiko la mzabuni, isipokuwa sehemu zilizoingizwa kwenye mkataba wenyewe. Rasimu na maoni ya ndani ya kamati ya uteuzi nayo hulindwa, kwa kuwa yalitangulia uamuzi. Na kama zabuni bado iko mezani, subiri mshindi atangazwe.

Omba waraka wa afisa mteuzi unaoeleza sababu za kumchagua mshindi. Ule ni uamuzi wenyewe, hivyo kizuizi cha mashauriano ya ndani hakipaswi kuufunika wote. Omba marekebisho ya mkataba kwa namba na tarehe. Omba barua za serikali za kukata au kurejesha malipo. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kanuni za wizara zinaruhusu kuomba hata nyaraka zilizo mikononi mwa mkandarasi, mradi mkataba unasema nyaraka hizo ni mali ya serikali. Kitafute kifungu hicho na ukitaje katika ombi.

Andika

Barua iwe ya Kiingereza na fupi. Maudhui yake yafanane na haya:

"Kwa mujibu wa FOIA, naomba waraka wa uamuzi wa uteuzi wa mkandarasi wa maabara ya Los Alamos, ulioandikwa kati ya Januari na Juni 2018. Mkizuia sehemu, naomba sehemu iliyobaki itolewe. Niko tayari kulipa hadi dola 25. Zaidi ya hapo, niulizeni kwanza."

Taja kama wewe ni mwandishi wa habari, mtafiti wa chuo au mtu binafsi, kwa kuwa ada hutegemea hilo. Mtu binafsi hupewa saa mbili za utafutaji na kurasa 100 bila malipo. Unaweza pia kuomba usamehewe ada, ukieleza jinsi umma utakavyofaidika.

Baada ya kutuma

Utapewa namba, itunze. Sheria inadai jibu ndani ya siku 20 za kazi, ila kwa nyaraka hizi jiandae kungoja zaidi, kwani mkandarasi huulizwa kwanza kama kuna siri zake za kibiashara. Kila mstari uliofutwa lazima uonyeshe namba ya kizuizi kilichotumika. Ukiona namba 4, siri za kibiashara, imetandazwa ukurasa mzima, kata rufaa. Una siku 90 kuipeleka Ofisi ya Usikilizaji na Rufaa ya wizara, na rufaa haina ada. Onyesha ukurasa kwa ukurasa unachopinga: jina la kampuni iliyoshinda si siri, wala kiwango cha malipo kilichomo kwenye mkataba uliokwisha kuchapishwa.