Kwenda kuona Safari Rally Naivasha: chagua steji moja, fika na giza, kaa juu

Wikendi ya Machi 20 hadi 23, 2025 ndio ilikuwa mara yangu ya tatu Naivasha tangu Safari Rally, yale mashindano ya magari ya hapa Kenya, irudi kwa kalenda ya ubingwa wa dunia 2021, na ndio mara ya kwanza naweza sema nimeiona rally yenyewe. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu, niliacha steji zingine zote, yaani vile vipande vya barabara vinavyofungwa ili magari yashindane na saa, nikakaa moja kutwa. Kuna watu wameniuliza waanzie wapi wakitaka kwenda, basi hii ndio njia yangu.

Mara ya kwanza tulienda watu saba kwa gari moja na tukajipangia steji tatu siku moja. Ya kwanza tulipata barabara imeshafungwa, ya pili tukaona gari nne, ya tatu hatukufika kabisa juu ya jamu. Siku nzima, gari nne. Kwa ramani steji zinakaa karibu karibu, lakini kila mtu akitoka moja kwenda ingine anatumia barabara ile ile, na steji ikifungwa huwezi kukata katikati, lazima uzunguke. Kwa hivyo moja. Na usiogope utakosa kitu, maana steji nyingi zinapitwa mara mbili, asubuhi halafu mchana, hao madereva watarudi hapo hapo ulipo.

Sasa uchague ipi? Angalia ratiba ya mwaka huo kwanza kwa sababu huwa wanabadilisha, lakini kwa miaka hii mpangilio umekuwa hivi: Ijumaa ni kuzunguka Ziwa Naivasha, Loldia iko upande wa kaskazini na Kedong huku kusini, Jumamosi kila kitu kinahamia upande wa Elmenteita, yaani Soysambu, Elmenteita yenyewe na Sleeping Warrior, halafu Jumapili inamalizikia Hell's Gate kwa Power Stage, ile yenye pointi za ziada, 5 kwa wa kwanza mpaka 1 kwa wa tano. Hell's Gate inapendwa sana kwa sababu ya ile miamba na kwa sababu ndio mwisho, lakini pia ndio yenye watu wengi kushinda zote. Mimi ukiniuliza nitakuambia Sleeping Warrior, pale chini ya ule mlima unaofanana na mtu amelala chali. Na ukienda huko usilale Naivasha Ijumaa usiku, lala Gilgil ama Nakuru, asubuhi utakuwa unaenda wakati wenzako bado wako kwa foleni ya lori.

Kuhusu kufika, toka na giza. Saa kumi alfajiri uwe tayari barabarani, maana steji inafungwa mapema sana kabla ya gari la kwanza, na ikishafungwa imefungwa, hakuna kubembeleza mashali, wale wasimamizi wa njia. Kukicha ndio utafute pa kukaa, na hapa tafadhali unisikize vizuri. Kaa juu ya barabara, sio usawa wake. Usikae upande wa nje wa kona hata kama kila mtu amejaa hapo, kwa sababu gari likishindwa na kona linaenda nje, haliendi kwingine. Tafuta kilima kidogo upande wa ndani, nyuma ya utepe, na angalia pia upepo unavuma kwenda wapi, ukikaa upande vumbi linaelekea basi gari la kwanza likipita hutaona la pili. Kama umebeba watoto washike mkono hata kama kumetulia.

Kabla ya mashindano utasikia helikopta inapita chini chini, kazi yake moja ni kuangalia kama kuna wanyama barabarani. Halafu zinakuja gari za waandalizi zinazokagua njia, ya mwisho ikiwa na namba sifuri. Ikipita hiyo, usivuke barabara tena kwa sababu yoyote.

Halafu mnangoja. Kunakuwa kimya hivi, watu wameacha hata kuongea, na mbali kabisa unaona mkia wa vumbi unatambaa bondeni bila sauti yoyote. Unaufuata na macho, unapotea nyuma ya kichaka, unatokea tena umekuwa mkubwa, na ndio unaanza kusikia injini inapandishwa na kushushwa gia, zile pap pap za moshi, halafu linatokea lenyewe limelala upande, mawe yanarushwa, sekunde nne tano na limeenda. Mchanga unaanza kukuangukia kwa mabega. Hiyo ndio kitu runinga haiwezi kukupa.

Ili usiishie kuona magari yakipita tu, chagua alama mbili, mimi nilichukua mti wa mgunga na jiwe moja jeupe, na kila gari likifika kwa mti unaanzisha saa ya simu, likifika kwa jiwe unazima. Andika kwa karatasi maana mtandao huko ni wa kubahatisha. Baada ya gari tano sita unaanza kuona nani anashambulia na nani anatunza tairi. Na ufanye tena mchana, kwa sababu njia itakuwa imechimbika, mawe yaliyokuwa chini yametoka juu, na dereva aliyekuwa anakanyaga asubuhi utamuona anainua mguu mahali pale pale.

Huko kuinua mguu ndio Safari yenyewe. 2021 dereva Thierry Neuville aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima, shokabzoba ya nyuma ikamvunjikia Loldia, Sébastien Ogier akachukua ushindi. Na 2025 Elfyn Evans alikuja akiongoza ubingwa wa dunia kwa hivyo Ijumaa alikuwa wa kwanza barabarani, yeye ndio wa kufagia changarawe iliyolegea ili walio nyuma wapate njia safi, na bado akashinda kwa zaidi ya dakika moja mbele ya Ott Tänak. Ukijua hiyo kabla ya kwenda, utamuangalia na jicho lingine akipita.

Vitu vya kubeba ni vichache: maji mengi, leso ya kufunga pua, kofia, pawabenki, na gambuti, kwa sababu Machi mvua inaweza kuja wakati wowote na lile vumbi likilowa gari ndogo haitoki bila kusukumwa. Takataka rudi nazo, hayo ni malisho ya wanyama wa watu.

Kitu cha mwisho. Gari kubwa za Rally1, lile daraja la juu kabisa, zikiisha utaona umati wote unasimama kwenda. Wewe kaa. Nyuma yao ndio wanakuja madereva wetu wa nyumbani, watu wa kizazi cha Karan Patel aliyechukua ubingwa wa Afrika 2022 na 2023, na wengine na magari waliyojijengea wenyewe. Wanajua kila jiwe la hiyo njia na ukiwapungia mkono wanakupigia honi. Ngoja mpaka ile gari ya kufunga njia ipite, ndio ukunje kiti.