Geuza nyuma kwanza

Ukinunua kadi za zamani za besiboli ya Japani, usikimbilie picha. Geuza nyuma kwanza. Ukikuta mwaka umeandikwa kwa enzi ya mfalme, hesabu ni nyepesi: Showa ongeza 1925, Heisei ongeza 1988. Kwa hiyo Showa 48 ni 1973, mwaka ambao Calbee walianza kutoa kadi pamoja na vitafunwa vyao. BBM, ambao pakiti zao ni kadi tupu bila cha kutafuna, walianza 1991.

Jina nalo lina mtego wake. Mchezaji nyota Ichiro alianza kusajiliwa kwa jina hilo moja tu mwaka 1994, kwa hiyo kadi yake ya BBM ya 1993 imeandikwa 鈴木一朗 (Suzuki Ichiro), jina la ukoo likitangulia. Mimi niliipita hivihivi mara ya kwanza. Angalia herufi ya mwisho: ni 朗, si 郎. Unapotafuta mtandaoni, andika zote mbili, maana wauzaji nao huzichanganya.

Halafu shika rula kabla ya kuagiza mifuko ya plastiki. Kadi za Calbee za zamani hazikuwa na kipimo kimoja, na kuilazimisha kadi kwenye mfuko mdogo ndiyo njia ya haraka ya kuvunja pembe.