Jinsi ya kumtafuta mjusi wa chini ya magogo, Usambara

Wageni wengi wa misitu ya Usambara hutazama juu, wakitafuta ndege na vinyonga. Mjusi huyu yuko miguuni mwao. Ni Proscelotes eggeli, aliyeelezwa kisayansi na Tornier mwaka 1902: mwembamba, anang'aa kana kwamba kapakwa mafuta, ana miguu minne mifupi mno, na kila mguu una vidole vitano.

Hatua ya 1: Kibali. Pita kwanza ofisi ya hifadhi. Kumshika mnyama kunahitaji kibali cha utafiti; huna, basi tazama tu na upige picha.

Hatua ya 2: Nenda baada ya mvua, majani yakiwa yameloa hadi chini. Kiangazi utageuza magogo mengi bure.

Hatua ya 3: Fungua gogo. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Simama upande mmoja, lishike gogo kwa reki upande wa pili, kisha livute kuja kwako. Kilichomo kitatokea upande wa pili, na gogo litakuwa ngao yako. Usiingize vidole chini yake. Ardhini humo huishi pia nyoka wa jamii ya Atractaspis, weusi wa kung'aa, ambao meno yao ya sumu hutokeza pembeni mwa mdomo. Hata ukimkamata nyuma ya kichwa, atakuchoma. Kwa hiyo hujaona miguu, usiguse. Mjusi wetu akikimbia hujinyonga kama nyoka na vimiguu havionekani, subiri atulie.

Hatua ya 4: Mchote pamoja na majani yake kwa viganja viwili. Mkia usiguswe kamwe: hukatika, na humo ndimo anamoweka akiba ya mafuta. Mtie kwenye kopo linaloonyesha, lenye majani mabichi, kivulini.

Hatua ya 5: Mpige picha kando ya rula: ubavu wa kichwa, tumbo, mguu. Andika saa, mwinuko na hali ya gogo. Dakika tano zinatosha.

Hatua ya 6: Rudisha gogo kwanza, likae kwenye alama yake ileile ya udongo. Unyevu wa chini yake umechukua muda mrefu kujijenga, na likiachwa limepinduliwa jua hukausha kila kilichoishi pale. Gogo likishatulia ndipo umwachie mjusi ukingoni, aingie mwenyewe. Nimewahi kuona watu wakimtanguliza mjusi, kisha wakamponda kwa gogo.