Rivolva ya marehemu: namna ya kuitambua na kuipa thamani kabla ya kugawa mirathi

Bi mkubwa mmoja wa Kuze, hapa Mombasa, aliniita nyumbani kwake eda yake ilipokwisha. Uvunguni mwa kitanda mlikuwa na sanduku la bati la marehemu mumewe, na ndani yake, chini ya barua na risiti za zamani, kipande cha kanga kilichofungwa fundo. Ndani ya kanga, bastola. "Mwanangu, wewe ndiwe mwenye kujua vitu vya kale. Na hii imo katika mirathi. Niambie ni kitu gani, na ni ya pesa ngapi."

Kazi yangu hapa Mji wa Kale ni masanduku ya Lamu, saa za ukutani na majambia. Lakini marehemu babangu alifanya kazi miaka mingi kwa fundi wa bunduki, nami utotoni nikishinda kando ya meza yake. Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwambia Bi mkubwa ni lile alilonifunza babangu: usiiguse, na mimi siigusi. Hujui kama imo risasi.

La pili ni sheria. Cheti cha silaha hapa Kenya ni cha mtu, si cha nyumba. Mwenye cheti akifa, warithi hawairithi ruhusa yake. Na usijidanganye kwamba kitu cha miaka mia kimeshakuwa pambo. Muulize wakili kwanza, yeye ndiye awasiliane na polisi, na bastola ifuatwe ilipo. Usije ukaitia kikapuni ukavuka nayo feri ya Likoni ukisema unaipeleka kituoni. Kwa Bi mkubwa, maafisa walikuja na wakili wake, wakaifungua, wakaitoa risasi nne, wakamwandikia stakabadhi yenye namba ya bastola. Namba ile isikose. Mimi niliikagua kituoni, afisa ndiye aliyeishika na kuigeuza, mimi na kurunzi na daftari.

Anza na namna silinda, lile gurudumu lenye matundu ya risasi, inavyofunguka, maana hapo nusu ya jibu inapatikana. Ikiwa bastola inakunjika juu, mtutu ukainama mbele na maganda yakasukumwa nje yote pamoja, fikiria Uingereza: Webley au Enfield. Hizo ndizo nyingi zilizofika pwani yetu kwa majeshi na polisi wa kikoloni. Ikiwa silinda inatoka kwa ubavuni, huenda ni ya Marekani. Hapo tazama kitufe cha kuifungulia: cha Colt huvutwa nyuma, cha Smith & Wesson husukumwa mbele. Silinda za Colt huzunguka kwa mwendo wa saa, za Smith & Wesson kinyume chake. Ikiwa silinda haitoki na risasi hutiwa moja moja kwa kilango cha pembeni, hiyo ni familia nyingine, kama Nagant ya Urusi ya 1895 yenye matundu saba.

Ya Bi mkubwa ilikunjika. Mtutu wa inchi 6, mpini wenye kona kama mraba, na juu ubavuni pamepigwa MARK VI. Hiyo ni Webley ya risasi ya .455 (upana wa risasi kwa inchi), iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1915, katikati ya vita vya kwanza. Mwaka wake ulikuwa kwenye fremu, yaani mwili wa bastola: 1917. Webley & Scott waliziunda Birmingham; zile zilizoundwa miaka ya 1920 katika kiwanda cha serikali zina taji na neno ENFIELD. Ukikuta ndogo yake, yenye risasi ya .38, huenda ni Enfield No. 2 iliyoanza 1932. Nyundo yake ikiwa haina kijipembe cha kuvutia kwa kidole gumba, ni ile iliyobadilishwa kuanzia 1938. Na Smith & Wesson yenye pete kitakoni na namba inayoanza kwa V ni ya vita vya pili.

Sasa soma mihuri. Mshale mdogo wenye ncha pana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyokutanisha ncha ni alama kwamba serikali iliitoa mkononi mwake. Kisha linganisha namba za fremu, mtutu na silinda. Zikiwa moja, bei hupanda. Zikitofautiana, mtu aliunganisha vipande.

Kwa Webley ya .455 kuna ugonjwa mmoja ambao lazima uukague. Nyingi zilizopelekwa Marekani zilipunguzwa silinda kwa nyuma ili zipokee risasi ya .45 ya bastola za magazini, iliyo na nguvu kuliko zile chuma hiki kilichotengenezewa. Tazama nyuma ya silinda: uwazi mpana kati yake na fremu unakuambia imekatwa. Mkusanyaji makini atashusha bei papo hapo, na ana haki.

Adui wetu sisi wa kisiwani ni chumvi. Hewa ya bahari inakula chuma hata kabatini, na mkoba wa ngozi unazidisha, kwani ngozi hunyonya unyevu. Watu hupaka mafuta ya nazi. Huchacha na kuganda. Lakini kutu kidogo halinitishi kama fundi mwenye msasa. Nimeona bastola iliyosuguliwa ikang'aa kama sufuria ya harusi, mihuri yote imefutika, na mwenyewe akifurahi. Niliumia moyo. Iache ilivyo.

Kwenye thamani, kijana wa Bi mkubwa alinionyesha bei ya Marekani kwenye simu. Nikamwambia kwanza ile ni bei anayoiomba muuzaji, si iliyolipwa. Pili, mnunuzi wako ni yule tu anayeruhusiwa kisheria kuimiliki hapa, na hao ni wachache. Tukaomba bei kwa maandishi kutoka kwa wafanyabiashara wawili wa silaha wenye leseni, tukaichukua ya juu, nayo ndiyo iliyoandikwa kwenye orodha ya mirathi ili thumni ya mjane, fungu lake la moja ya nane, na mafungu ya watoto yahesabiwe.

Kilichoongeza bei ni cheti cha 1964 na barua ya tajiri wa Kizungu wa marehemu, aliyemwachia bastola alipokuwa akirudi kwao. Bi mkubwa alitaka kubaki na barua. Nikamweleza kwamba bila barua ni Webley kama nyingine. Alinyamaza kitambo, kisha akamtuma mjukuu Marikiti kwenda kuitoa nakala. Ya asili ikaenda na bastola.