Pesa ya komini inaenda wapi? Namna ya kufuata takse moja hapa Lubumbashi, hatua kwa hatua

Kila mvua ikinyesha na maji ikiingia ndani ya nyumba juu mtaro umeziba, maneno ni yaleyale: "pesa yetu wamekula". Inawezekana wamekula kweli. Inawezekana pia hiyo pesa haikufika hata siku moja kwenye kompte ya komini, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, kila kimoja na mlango wake wa kugonga. Ukienda kwa bugumesta, mkubwa wa komini, kulalamikia pesa iliyobakia Kinshasa atakujibu kwa sentensi moja na utarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi nafanyaka kazi hii na komite za kartie na bamama wa soko, na njia ninayoona inaleta jibu ni hii: usifuate pesa yote, fuata moja, mpaka mwisho.

Hatua ya 1: Chagua takse moja na ujue ni ya nani

Lubumbashi iko na komini saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Kila moja ni ETD (entité territoriale décentralisée, eneo linalojitawala), maana yake kisheria iko na bajeti yake na mali yake, na mji wenyewe nao ni ETD juu yao. Halafu kuko provensi ya Haut-Katanga, halafu Serikali kuu. Watu wengi wanachanganya hapa.

Shika hivi. Kodi ya nyumba na kiwanja, kodi ya pesa ya kupangisha na kodi ya magari ni za provensi, Katiba inasema wazi kwenye kifungu cha 204, na kwetu anayekusanya ni DRHKAT, ofisi ya mapato ya Haut-Katanga. DGI (kodi), DGDA (forodha) na DGRAD (mapato mengine) ni ofisi za Serikali kuu. Takse ya meza sokoni, ile bamama wanalipa kila siku, ni ya ETD. Ukitaka kufuata pesa kwa mara ya kwanza anzia hiyo ya soko, juu unaiona kwa macho, walipaji unawajua, na haipiti njia ndefu.

Tena kuko orodha. Ordonansi-sheria nambari 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 inataja takse zote ambazo provensi na ETD wana haki ya kudai. Kitu hakiko kwenye orodha, hakidaiwi, juu Katiba kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi bila sheria. Tafuta kopi, kuko PDF zinazunguka, uiweke kwenye simu ya sekretari wa komite. Siku agenti anakuja na jina jipya la takse, mnaangalia pamoja naye, kwa heshima, bila kelele.

Hatua ya 2: Kusanya risiti, hesabu meza

Hapa ndipo kazi kubwa iko na hapa ndipo watu wanachoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza risiti. Waambie bamama wasitupe tiketi hata kama ni kakaratasi kadogo kama unyayo wa kuku. Kila tiketi angalia: jina la komini ao la mji, nambari ya mfululizo, bei iliyoandikwa, tarehe, muhuri. Mambo mawili yanasema sana. Moja, bei kwenye karatasi na bei iliyolipwa: mama amelipa 1000, karatasi inasema 500, hiyo tofauti haitaonekana kwenye bajeti yoyote hata ukisoma usiku kucha. Mbili, nambari: zikirudia, ama tiketi haina nambari kabisa, andika siku na sehemu ya soko. Na yule anayekusanya bila tiketi muulize oda yake ya misio, karatasi inayoonyesha nani alimtuma; ni karatasi ya kawaida, mtu wa kazi ya kweli anaionyesha.

Pili hesabu meza. Chukua watu wawili watatu, mgawane soko kwa vipande, mhesabu meza zenye mtu, siku ya kujaa na siku ya kawaida, halafu mchukue katikati. Mfano wa kufundishia tu: meza 300, kila moja 500 falanga kwa siku, hiyo ni 150 000. Siku 26 za soko kwa mwezi ni 3 900 000. Mwaka mzima ni 46 800 000 falanga. Mkishapata hiyo hesabu msikimbie nayo redioni. Ni makadirio, kuko siku za mvua, kuko mama mgonjwa, kuko wale hawalipi. Toeni robo nzima kwa ajili ya hayo, ibakie 35 100 000. Nataka hesabu yenu iwe ndogo kuliko ukweli, juu yule atakayewapinga ataanza kwa kutafuta mahali mmezidisha.

Andika yote kwenye daftari moja, kurasa zenye nambari, mtu mmoja anashika. Picha za tiketi zibaki kwenye simu mbili tofauti.

Hatua ya 3: Omba bajeti, na ujue kusoma kurasa mbili tu

Andika barua kwa bugumesta, komite ya kartie inasaini, mnaomba bajeti ya mwaka na hesabu za mwaka uliopita. Kopi mbili. Moja inabaki kwao, nyingine wanaipiga muhuri wa mapokezi na tarehe, ile tunaita akize. Bila akize barua hamjaandika. Nasema hivi juu nimeona komite zenye haki zote zikiambiwa "hatujaona kitu" na hawana cha kuonyesha.

Mkipata ile bajeti msiogope ukubwa wake. Tafuta ukurasa wa mapato na ukurasa wa matumizi, na kwa kila mstari soma nguzo mbili: kilichotabiriwa, na kilichotimia kweli. Bajeti nyingi za ETD zinakuwa nzuri upande wa utabiri, zimeandikwa mabarabara na madispanseri, halafu upande wa kutimia ni kidogo sana. Mtu anayesoma utabiri peke yake atapiga kelele juu ya pesa ambayo haikuwako.

Tafuta mstari wa takse ya soko. Linganisha na daftari lenu. Kama wao wanasema kimeingia 9 000 000 na ninyi hata baada ya kupunguza mko na 35 100 000, sasa mko na swali la kweli, na ni swali la karatasi, si la hasira.

Upande wa matumizi gawanya mara mbili: kazi ya ofisi ya kila siku (mishahara, mafuta ya gari, karatasi, safari) na kujenga. Uliza katika kila falanga 100 zilizotoka ni ngapi zilienda kujenga. Matumizi ya Serikali yanapita ngazi nne: kuahidi, kuhakiki, kuamuru, kulipa. Wakikuambia "pesa ya mtaro imetoka" uliza imefika ngazi gani. Kuahidi peke yake hakununui hata mfuko wa simenti.

Hatua ya 4: Tofautisha pesa iliyoliwa na pesa ambayo haikufika

Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya maprovensi na yanakatwa palepale yanapoingia. Sheria nambari 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaongeza: katika hiyo sehemu ya provensi, 40% ni ya ETD. Piga hesabu: kila falanga 100, 40 kwa provensi, na ndani yake 16 kwa mamiji, makomini, masekta na masheferi. Ingekuwa hivyo tungekuwa na mitaro. Lakini kule kukata palepale hakujawahi kufanyika vile imeandikwa, pesa inapanda kwanza Kinshasa, halafu inarudi kama retrosesio, kidogo na kwa kuchelewa. Kwa hiyo komini inatabiri mlima na inapokea kilima. Hiyo si kosa la bugumesta wenu, na kumsingizia ni kumsaidia, juu atajibu na kushinda mbele ya watu, na ile ya soko ambayo ni yake kabisa itasahaulika.

Kuko pesa moja lakini ambayo sehemu ya ETD haipandi Kinshasa: redevansi ya madini, ile kampuni ya mgodi inalipa juu ya madini yake. Kode ya madini, sheria kubwa ya migodi, ilivyobadilishwa na sheria nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 inagawa hivi: 50% Serikali kuu, 25% provensi, 15% ETD ambamo mgodi uko, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Na ile 15% kampuni inailipa yenyewe kwenye kompte ya ETD. Kwa shaba redevansi ni 3,5% ya bei ya mali, kwa hiyo shaba ya dola 1 000 000 inatoa dola 35 000, na ETD inapata 5 250. Ukikaa kwenye komini ama sheferi yenye mgodi, hii pesa ndiyo ya kufuata ya pili, juu karatasi ziko pande mbili: kampuni inatangaza ilicholipa, na ripoti za ITIE-RDC, mpango wa uwazi wa pesa ya madini, zinaweka hayo malipo wazi, bure. Unachukua kile kampuni inasema ilitoa, unaweka kando ya kile ETD inasema ilipokea. Tarakimu zisipofanana, hakuna wa kusema "retrosesio haijafika".

Hatua ya 5: Nenda kwenye mtaro wenyewe

Fupi tu. Kazi iliyoandikwa kwenye bajeti mwende muione, watu wasiopungua watatu, mchana. Pigeni picha ya kibao cha kazi, pimeni urefu kwa kamba, ulizeni majirani kazi ilianza lini na ikasimama lini. Mtaro uliolipiwa mita 200 na ukaishia mita 80 hauhitaji hotuba.

Hatua ya 6: Andikeni petisio

Kifungu cha 27 cha Katiba ni silaha ambayo watu wetu hawaijui na inaniuma. Kinasema kila Mkongomani, peke yake ama na wenzake, anaweza kupelekea mamlaka petisio, mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna mtu atakayeshtakiwa kwa sababu ya kufanya hivyo. Kitajeni kwenye mstari wa kwanza.

Petisio iwe ukurasa mmoja: swali moja, hesabu yenu, hesabu yao, tofauti, na kitu kimoja mnachoomba. Mkiomba mambo kumi watajibu lile jepesi. Msiandike "mwizi", msitaje jina la mtu kama amekula bila ushahidi, juu sheria ya jinai inaadhibu kuharibia mtu jina, na mashtaka hayo yanaua komite nzima. Andikeni "tumeona tofauti ya falanga kadhaa, tunaomba maelezo". Bamama wanaolipa wasaini wa kwanza, hata kwa kidole.

Kopi zipeleke kwa meya, kwa deputé wa provensi wa eneo lenu, na kwa konseye wa komini, wale tuliochagua Desemba 2023. Kila kopi na akize yake.

Hatua ya 7: Miezi mitatu ikipita

Wakijibu, someni jibu mbele ya kartie nzima, hata kama halipendezi, hata kama linaonyesha hesabu yenu ilizidi. Wasipojibu, andikeni ukumbusho wenye tarehe ya akize ya kwanza, halafu njooni redioni na karatasi mkononi, halafu mfaili uende kwa Mahakama ya Hesabu, ambayo Katiba inaipa kazi ya kukagua fedha za Serikali, za maprovensi na za ETD.

Na angalieni kalenda. Mwaka wa bajeti unaanza Januari mosi, asemble ya provensi inakaa kwa ajili ya bajeti kwenye kikao cha Septemba, na komini zinatayarisha zao mbele ya hapo. Ombi la mtaro likifika Desemba limechelewa mwaka mzima. Hesabu ya soko mfanye Aprili na Mei mvua ikipungua, petisio itoke Juni, na Septemba ikifika muwe mnashika jibu ama akize isiyo na jibu.